Kocha Aliyeupa Mpira Mgongo

Nilipata cheo cha kocha msaidizi wa timu ya mpira wa miguu ya wanaume kwa sababu siku ya kikao cha wakufunzi nilikwenda mnadani kununua vitunguu. Sababu nyingine haikuwepo. Chuo chetu kilikuwa chuo kidogo cha ualimu pembeni mwa mji wa Shinyanga, na kazi za ziada ziligawiwa katika kikao cha kwanza cha muhula. Asiyekuwepo alipewa kilichobaki. Mwaka uliotangulia mkufunzi wa Muziki alikuwa amelazwa kwa malaria, akatoka hospitali akajikuta mlezi wa nguruwe wa chuo.

Kwa hiyo niliporudi na vitunguu vyangu vya somo la vitendo nikakuta barua yenye muhuri mezani, sikushangaa kupewa kazi. Nilishangazwa na kazi yenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa Sayansikimu. Nilifundisha kushona, kupika, na kumwogesha mtoto mchanga kwa kutumia mwanasesere wa plastiki aliyebakiwa na mkono mmoja. Mpira nilikuwa nimeusikia redioni tu, mume wangu akiwa ameikumbatia redio na mimi nikiwa na shughuli zangu.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo, mtu wa makamo aliyependa barua kuliko alivyopenda watu. Nikamweleza kwamba sijui hata timu ina watu wangapi. Alinisikiliza huku akizipanga kalamu zake, kisha akasema nakala ya barua ile imeshapelekwa wilayani, na kuifuta kungehitaji barua nyingine mbili. Halafu akanitia moyo. Wote watatu walionitangulia katika cheo hicho, akasema, walipanda haraka. Mmoja sasa ni mkuu wa shule huko Tinde, wa pili ni mkaguzi wa elimu, wa tatu ameitwa wizarani. Watu walihangaika miaka kumi darasani bila kuonekana, lakini ukiwa kocha msaidizi miaka miwili tu, basi. Hakujua ni kwa nini. Alidhani ni hewa ya uwanjani.

Jioni ile ile nikaenda kuripoti kwa kocha mkuu. Alikuwa mwalimu wa Hisabati, mrefu, mkondefu, aliyekaribia miaka hamsini, mzaliwa wa upande wa Kishapu kama mimi. Ulimi wake, kama wa wengi wetu tuliolelewa kwa Kisukuma, ulikuwa haujazoeana na herufi R. Nilimkuta akiwazungusha vijana kati ya matofali aliyoyapanga uwanjani kwa kamba na rula. Aliwapigia filimbi, akawasimamisha, akawaeleza pembe za mpira kama anayefundisha jiometri, na wao wakatikisa vichwa. Hata mimi niliona kwamba mtu huyu anaijua kazi yake. Mazoezi yalipokwisha, akanisubiri kwenye bomba la maji hadi vijana wote wakaondoka.

"Mwalimu," akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi siwezi kuangalia mpila."

Nilidhani ni macho. Nikamwambia kuna daktari mzuri wa macho pale hospitali ya mkoa. Akasema si macho. Mazoezi anayaangalia vizuri, lakini filimbi ya mechi yenyewe ikilia, tumbo lake linageuka, miguu inalegea, na mara mbili amezimia. Mara ya pili alimwangukia mgeni rasmi. Tangu hapo akaamua kukaa kwenye kigoda na kuupa uwanja mgongo. Kocha msaidizi husimama kando yake akiutazama uwanja, humweleza yanayotokea, naye husema la kufanya, na msaidizi hulipaza kwa wachezaji. Hiyo ndiyo kazi. Hapo nikaelewa kwa nini wale watatu walipanda vyeo. Mtu aliyekaa miaka miwili akimweleza mwenzake asiyeona jambo linalokwenda mbio, akiingia kwenye usaili wa kazi atakuwa kama anacheza.

Nikamkumbusha kwamba siujui mpira kabisa. Akafikiri kidogo, akasema huenda si vibaya. Msaidizi wa mwisho aliujua kupita kiasi, mpaka akaacha kusema kilichotokea, akawa anasema kilichopaswa kutokea.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa na chuo cha mifugo, nyumbani kwetu. Kocha akaweka kigoda chake, akaketi, akautazama ukuta wa ghala. Mimi nikasimama kando yake nimevaa gauni la kanisani, kwa kuwa sikujua makocha huvaa nini. Filimbi ikalia. Nikaanza.

Nilimwambia kwamba yule mrefu amempa mpira yule mwenye soksi moja, mwenye soksi moja ameupiga kwa yule aliyechelewa kurudisha vitabu vya maktaba, na huyo ameupoteza. Kocha alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha, anasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Akauliza katikati kuna nani.

"Ng'ombe," nikasema.

"Namba ngapi?"

"Ng'ombe, Mwalimu. Wa maziwa."

Alikuwa ametoka upande wa mashamba, na refa alihangaika dakika nzima kumwondoa kwa kadi ya njano. Kocha akaitumia nafasi hiyo kuniuliza tena na tena juu ya wapinzani. Sikuwa na la kusema juu ya ufundi wao. Nilimweleza tu nilichoona. Kipa wao amekaa kama mtu mwenye njaa, anajishika tumbo kila mara na kutazama jua. Namba nne na namba sita wao wamenuniana. Akauliza najuaje. Nikamwambia mpira kati yao unapita kama chumvi kati ya mawifi waliogombana, lazima uende kwanza kwa mtu wa tatu ndipo umfikie mwingine.

Kocha akafumbua macho. Akaniomba nirudie pale pale. Nikarudia. Akaniagiza niwaambie vijana wetu wamkabe huyo mtu wa tatu, wawaache mawifi. Nikapaza sauti kwa maneno hayo hayo, na vijana, ambao wote walikuwa na dada au mama zao wadogo nyumbani, wakaelewa mara moja. Namba nne akabaki na mpira miguuni, hataki kumpa namba sita, hana mwingine wa kumpa, na mshambuliaji wetu akamnyang'anya. Tulishinda mabao mawili kwa moja. Kocha alijua tumeshinda nilipomshika bega. Akasimama, akaushukuru ukuta, kisha akanishukuru mimi.

Nyumbani mume wangu, aliyefuata mpira tangu utotoni na ambaye hakuna aliyewahi kumwomba ushauri, alikaa siku mbili bila kunisemesha.

Muhula ule nikajifunza. Kocha alinifundisha sheria jioni jioni pale kwenye bomba, kwa subira. Kuotea ndiko kulinishinda, mpaka akaniambia nifikirie foleni ya bwaloni. Anayekwenda kusimama dirishani kabla sufuria haijatoka jikoni, huyo ameotea. Tangu siku hiyo sikukosea tena, ingawa wakati mwingine nilijisahau nikamwambia refa kwamba yule amewahi sufuria. Nami nilimfundisha kocha kitu kimoja: vijana wasipewe michembe kabla ya mechi, kwa sababu viazi vile vikavu huvimba tumboni, na mtu aliyejaa michembe hukimbia kama anayebeba ndoo. Hilo nalo likasaidia. Tukashinda mechi baada ya mechi, kocha akitazama kuta, mashamba ya pamba, na mara moja gari la wagonjwa.

Watu wa nje hawakujua habari za tumbo lake. Waliona tu mtu mrefu, kimya, ameketi ameupa uwanja mgongo, na mwanamke amesimama kando yake akimnong'oneza, na timu yao inashinda. Mnajua watu watasema nini. Siku moja akaja tajiri mmoja kutoka Geita, mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa na nyumba kubwa Kalangalala na timu ya wachimbaji iliyokuwa ikifungwa kila wiki. Alikaa jukwaani mechi nzima, lakini macho yake hayakuwa kwa wachezaji. Alikuwa akiutazama mgongo wa kocha. Mwisho akamwambia mkuu wa chuo kwamba timu nyingine hutafuta kamati ya ufundi yenye wazee saba na kuku weusi, lakini huyu ni kamati nzima peke yake. Ndani ya mwezi mmoja kocha akaomba likizo bila malipo, akaenda Geita. Alijaribu kumweleza tajiri ukweli. Tajiri akacheka, akasema wataalamu wote hujifanya hawajui.

Nikabaki na timu ya chuo chini ya kocha mkuu mpya, mkufunzi wa Muziki aliyekuwa amechoka na nguruwe. Huyo aliangalia mechi mwenyewe, kwa macho mawili, na hakuniuliza lolote. Nilisimama pale nikikata machungwa ya mapumziko.

Kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka ikafika barua. Kocha aliandika kwa mwandiko wa ubaoni kwamba hali ni mbaya. Tajiri amempa msaidizi mpya, kijana aliyesomea ukocha na mwenye cheti. "Anasema kiungo kimepoteza umbo," aliandika. "Umbo gani, hasemi. Anasema tumezidiwa kimfumo. Namuuliza mpila uko wapi, anasema hilo si muhimu." Walikuwa wamefungwa mara tatu, na tajiri ameanza kuuliza kama dawa ina muda wa kuisha nguvu. Akaniomba niende kwa mechi moja tu.

Mume wangu akaisoma barua ile mara mbili. Akasema nenda, lakini uangalie vizuri beki wa kushoto, kwa sababu timu za kule huwa na udhaifu upande huo. Ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kunipa ushauri wa kikazi, nami nikaupokea kwa heshima.

Nilifika Geita nikiwa na rangi ya barabara. Kocha alikuwa amekonda zaidi. Yule msaidizi mwenye cheti akanisalimia kwa adabu, shikamoo na kila kitu, akaniuliza mimi nafuata mfumo gani. Nikamwambia nafuata mpira kwa macho. Akaandika kwenye daftari lake.

Uwanja ulikuwa nje kidogo ya mji, upande wa machimbo, udongo mwekundu uliokauka na vijilima vya mawe pembeni. Wapinzani walikuwa wachimbaji wa machimbo jirani, na kipa wao alikuwa muoka mikate mnene waliyemwazima mjini. Kocha akaketi kwenye kigoda, akatazama kichaka. Nikasimama mahali pangu. Filimbi ilipolia na yeye akafumba macho, niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Nilimwambia winga wetu anakimbia lakini anatazama chini, kana kwamba ametafuta kitu maisha yake yote na mazoea hayajamwacha. Nilimwambia beki wao wa kushoto ni dhaifu kweli, na kimoyomoyo nikamshukuru mume wangu. Kocha akaagiza mipira yote ipelekwe upande huo. Ilipelekwa. Dakika chache baada ya mapumziko, winga akapewa mpira, akaukimbiza kando ya mstari, akawapita wawili. Nilikuwa nikieleza hatua kwa hatua. Kisha nikanyamaza.

"Kuna nini?" akauliza kocha.

"Namba saba hayupo."

"Ametolewa?"

"Hapana. Alikuwa anakimbia, sasa hayupo."

Winga wetu alikuwa ametumbukia kwenye shimo la zamani la wachimbaji, lililofunikwa matawi na udongo hatua mbili tu kutoka kwenye mstari. Refa akasimamisha mchezo. Wenzake wakaenda na kamba, maana katika timu ile kamba haikosekani, na tukamsikia kutoka chini akisema ni mzima. Wakamvuta. Akatoka amejaa vumbi, ameng'ang'ania jiwe mkononi, akalipangusa kwa jezi, akaligeuza juani. Likametameta.

Kipa wetu ndiye aliyekimbia wa kwanza. Halafu mabeki, halafu wapinzani, halafu wachezaji wa akiba wa pande zote mbili, halafu watazamaji, wengine wakiwa tayari na sururu ambazo sijui walizitoa wapi. Yule msaidizi mwenye cheti alikunja daftari, akalitia mfukoni, akaenda nao. Tajiri alikuwa amelala kifudifudi mdomoni mwa shimo, kichwa chini, na watu wawili wamemshika miguu. Refa, mtu mwaminifu, akatazama saa, akaona shughuli ya kamba imekwisha, akapiga filimbi mchezo uendelee.

"Waambie washike katikati," akasema kocha.

Nikamwambia, "Mwalimu, timu haipo."

"Timu ipi?"

"Zote."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Akainuka, akageuza kigoda, akaketi tena akitazama uwanja. Nikajiandaa kumdaka akizimia. Hakuzimia. Uwanja ulikuwa mtupu, mpana, na katikati yake palikuwa na refa na mpira. Akasema hakujua kama uwanja ni mahali patulivu hivyo.

Hapo ndipo nikamwona muoka mikate. Alikuwa amebaki golini kwake peke yake, amejishika kiuno. Dhahabu haikumhusu, nadhani, alikuwa na tanuri lake. Akasubiri kidogo, akaona hakuna mtu anayekuja, akatoka golini, akautembelea mpira. Akaugusa kwa mguu. Akaanza kuusukuma polepole kuelekea goli letu, ambalo halikuwa na kipa.

Nikapiga kelele kuwaita vijana mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyegeuka. Tumbo langu likageuka badala yao, nikakaa chini na kujifunika uso kwa kanga. Kocha akaona hali yangu, na kwa sauti ile ile ya darasani akaanza kunieleza.

"Amevuka katikati," akasema. "Amesimama. Anapumua. Anafunga kamba ya kiatu." Kisha, baada ya kitambo kirefu, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, anatazama nyuma kama kuna mtu wa kumpa pasi."

Akafunga. Kocha akaniambia mpira ulivuka mstari taratibu, ukajigusa kwenye nguzo, ukalala. Akasema ulikuwa mzuri sana kuuona. Refa akahesabu bao, na mechi ikaisha hivyo, kwa sababu waliobaki uwanjani walikuwa wawili tu na mmoja wao alikuwa refa.

Lile jiwe lilikuwa ulanga mtupu, linalong'aa bila kuwa na bei. Walichimba siku tatu kabla ya kukubali, wakawa wamelimaliza eneo lote la kona ya kulia. Tajiri hakukasirikia bao wala jiwe. Alisikitika tu alipoambiwa kwamba kocha aligeuka. Alituita nyumbani kwake Kalangalala, akatukaribisha wali na kuku, akasema kwa upole kwamba dawa ya mgongo ikishaona uwanja inavunjika, hata mtoto anajua hilo. Akamwachisha kocha kazi kwa heshima zote na blanketi jipya. Kisha akanigeukia, akasema ameona kwamba kinywa cha dawa ile ni mimi, na akanipa kazi ya kocha mkuu, kwa sharti moja, kwamba nami niupe uwanja mgongo.

Nikamuuliza, nikigeuka, nani ataniambia kinachotokea. Akasema hilo ni shauri la wataalamu wenyewe. Nikamshukuru, nikamwambia chuo kinakaribia kufunguliwa na nina watoto wachanga wa kuogesha. Sikumweleza kwamba ni mwanasesere.

Kazi ile ikachukuliwa na msaidizi mwenye cheti. Alikubali sharti bila kubisha, akakaa akitazama kichaka bila mtu wa kumweleza lolote, na akashinda mechi mbili mfululizo. Nasikia ameandika kwenye daftari kwamba ni mfumo.

Kocha hakurudi chuoni. Aliomba kuhamishiwa sekondari moja karibu na kwao Kishapu, akaendelea na Hisabati. Mimi niliendelea kuwa kocha msaidizi miaka mitatu zaidi, chini ya makocha wakuu wawili wenye macho mazima. Nilipoitwa kwenye usaili wa ukaguzi wa shule, wakanitaka nieleze darasa moja nililowahi kuliona likifundishwa vibaya, nikaeleza nusu saa, na chai yao ikapoa wakisikiliza. Nilipata kazi. Lakini nitasema kweli, hakuna cheo kilichonipa raha kama kile cha kwanza. Nyumbani kwangu sikumbuki mtu aliyeniacha nimalize sentensi. Pale uwanjani mtu mzima alifumba macho ili asikose hata neno langu moja.

Tulikutana tena mnadani Mhunze, huko Kishapu, nikiwa kwenye ziara ya ukaguzi, yeye akiwa amemshika mbuzi kwa kamba. Tumbo lilikuwa limepona kabisa tangu siku ile ya Geita, akaniambia. Sasa huenda kuangalia mechi za shule kila Jumamosi, anakaa mbele kabisa, anatazama mwanzo hadi mwisho.

Nikamuuliza anauonaje sasa mpira.

Akamvuta mbuzi karibu, akafikiri kwa uaminifu wake wote.

"Sielewi kitu," akasema. "Naona watu wanakimbia tu."